Kwenda Kuona Maporomoko ya Maji ya Kijijini, Hatua kwa Hatua

Maji unayoyaona yakianguka mbele yako hayakuanzia hapo. Yalinyesha mahali pengine, labda usiku wa jana, labda wiki kadhaa zilizopita, yakateremka mabondeni mpaka yakafika kwenye ukingo wa jabali. Ukilishika hilo, mambo mengi ya safari hujipanga: lini uende, umuulize nani, usimame wapi na uondoke saa ngapi.

Maporomoko makubwa yenye majina yana uzio, ngazi za saruji na walinzi. Haya madogo, yaliyojificha nyuma ya mashamba ya kijiji fulani, kwa kawaida hayana kitu. Ulinzi wako ni macho yako na maneno ya wenyeji. Ndiyo maana nimeyaandikia mwongozo, nayo ni mazuri mno kuachwa kwa sababu ya woga.

1. Chagua msimu, halafu chagua siku

Wengi hudhani maji yakiwa mengi zaidi ndipo maporomoko yanapopendeza zaidi. Si lazima. Maporomoko ya Victoria, kwenye mto Zambezi, ni ukuta wa maji wenye urefu wa mita 108 kwenda chini na upana wa mita 1,708. Mto ukijaa, manyunyu huwa mazito kiasi kwamba mtu aliyesimama upande wa pili huloa chapachapa na ukuta wenyewe hauoni. Tena mafuriko yale hufikia kilele mwezi Aprili hivi, wakati mvua za hapo zimeisha au zinaelekea kuisha, kwa kuwa maji yalinyesha mbali juu ya mto na yamechukua wiki nyingi kushuka.

Kijito cha kijijini hakina subira hiyo. Bonde lake ni dogo, mteremko wake ni mkali, hivyo mvua ya saa moja milimani inaweza kufika kwenye maporomoko kabla nguo zako hazijakauka. Wakati wa kiangazi kirefu nacho hubaki uzi mwembamba unaolowesha mwamba tu. Wakati ninaoupendelea ni wiki chache baada ya mvua kubwa kukatika. Maji bado ni mengi, tope la mto limetulia, na njia imeanza kukauka.

Msimu ukishauchagua, siku yenyewe iamue kwa swali moja: je, kumenyesha huko juu mto unakotoka? Anga la maporomokoni lisikudanganye. Linaweza kuwa jeupe huku wingu jeusi limeukalia mlima nyuma yake. Kama usiku uliotangulia kulinyesha sana huko juu, ahirisha. Uliza pia kama mto una bwawa la umeme au la umwagiliaji juu ya maporomoko, maana bwawa likifunguliwa maji hupanda bila tone la mvua.

2. Piga hesabu ya njia, hasa ya kurudi

Maporomoko mengi yako chini ya kijiji, bondeni. Unakwenda ukiteremka, umepumzika, una hamu ya kufika. Unarudi ukipanda, umechoka, umelowa, na jua linazama. Kwa hiyo hesabu ya muda ianzie kwenye safari ya kurudi.

Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892, ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 4 na maporomoko yako mita 300 chini ya kijiji. Kurudi ni dakika 48 za mwendo na dakika 30 za kupanda, jumla saa moja na dakika 18. Hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu kwenye njia kavu. Kukiwa na tope, watoto au mtu mzima mwenye magoti mabovu, izidishe mara mbili.

Sasa panga saa ya kugeuka, iandike, na iheshimu hata kama hamjafika. Katika nchi zilizo karibu na ikweta giza halibembelezi: jua likizama, dakika chache baadaye huoni unapokanyaga. Na katika nchi za joto mvua za radi hupenda kushuka alasiri. Kuanza safari saa moja au saa mbili asubuhi kunakuondolea matatizo hayo yote mawili.

Mwachie mtu aliyebaki nyumbani maelezo matatu: unakwenda wapi, na nani, na afanye nini asipokusikia kufikia saa fulani. Makorongoni mawasiliano ya simu hukatika, hivyo usitegemee kumpigia kutoka huko. Pakua ramani ya eneo kwenye simu kabla ya kuondoka.

3. Mzigo

Viatu kwanza. Vyenye soli ya meno, vinavyobana kisigino, ambavyo hutaona uchungu kuvilowesha. Ndala hazifai hata kidogo, na buti za mpira hujaa maji ukivuka kijito. Beba pia:

- maji ya kunywa, yanayotosha kwenda na kurudi
- koti jepesi la mvua na nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri
- tochi yenye betri mpya, hata kama unategemea kurudi mchana
- filimbi, kwa kuwa karibu na maporomoko sauti ya mtu humezwa na ngurumo ya maji
- bendeji, plasta na dawa zako za kila siku
- kamba imara ya mita 15 hivi
- mfuko wa kurudishia taka

Fimbo ndefu utaipata njiani au kijijini. Maji yakikuishia, ya mtoni yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja; ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Maji kuanguka kwa kishindo na kuwa meupe hakuyasafishi.

4. Pitia kijijini kabla ya kwenda mtoni

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na mimi ningependa waruke nyingine yoyote kuliko hii. Ramani ya simu itakuonyesha maporomoko yalipo. Haitakuambia kwamba daraja la magogo lilisombwa mwezi uliopita, au kwamba njia sasa inapita shambani kwa mtu aliyekwisha kuchoshwa na wageni wanaokanyaga miche yake.

Fika, salimia, jitambulishe, sema unachotaka. Uliza ofisi au wazee wa kijiji nani ana idhini ya kupeleka wageni. Kama kuna ada, lipa panapostahili na uombe stakabadhi. Kwa mpeleka njia, kubaliana malipo kabla hamjaanza kutembea, wazi, pamoja na kama atawasubiri na kuwarudisha. Makubaliano ya nusu nusu huharibu siku ya pande zote mbili. Mtu anayeijua njia hii tangu utotoni anastahili kulipwa kama fundi mwingine yeyote.

Kisha muulize maswali, na umpe nafasi ya kujibu kwa urefu:

"Maji leo yakoje ukilinganisha na juzi?" Atakupa kipimo ambacho mgeni hana.

"Mto ukijaa, maji hufika wapi?" Mwombe akuonyeshe mkifika. Alama ya mafuriko yaliyopita, takataka zilizonasa kwenye matawi au mstari wa tope kwenye mwamba, ndiyo mpaka wa mahali pa kuweka mizigo na kupumzikia.

"Wenyeji huoga wapi, na wapi hawaogi?" Ukiambiwa sehemu fulani haiingiwi, usibishane, na usidai sababu. Huenda ni mahali pa ibada. Huenda palimzamisha mtu. Vyovyote vile, jibu ni lilelile kwako.

"Watu wanachota maji wapi?" Mara nyingi ni chini ya maporomoko, mto huohuo. Basi sabuni isiingie majini, na mafuta ya kujipaka dhidi ya jua yapakae mapema yakauke, au vaa shati la mikono mirefu uyaache kabisa. Haja zako zifanyie mbali na mto, angalau mita 60, kwenye shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha ufukie.

Picha za watu, hasa watoto na wanaofua au kuoga mtoni, ni baada ya ruhusa tu.

5. Njiani na kwenye vivuko

Kadiri mnavyoukaribia mto, ardhi hubadilika. Majani yanakuwa mabichi zaidi, hewa inapoa, mawe yanaanza kung'aa. Jiwe lenye rangi nyeusi inayometa, au lililovaa ukijani, limefunikwa na mwani na halina msamaha. Jiwe kavu, lenye rangi ya kufifia, hushika soli. Kanyaga katikati ya jiwe, hatua fupi, uzito juu ya mguu mmoja kabla ya kuunyanyua mwingine. Usijivute kwa mizizi na nyasi za ukingoni. Zimeota kwenye udongo uliolowa.

Mkilazimika kuvuka kijito, kumbuka kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mkondo ukiongeza kasi mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Tafuta sehemu pana, yenye kina kifupi. Sehemu nyembamba huvutia kwa sababu ng'ambo ni karibu, lakini ndipo maji yanapokuwa na kina na nguvu. Fungua mikanda ya begi la mgongoni ili ukianguka ulivue. Tazama juu ya mto, egemea fimbo iliyochomekwa mbele yako, sogea kiubavu. Viatu usivue.

Kamwe usivuke mto mahali ambapo ukiteleza mkondo utakupeleka ukingoni mwa maporomoko. Juu ya maporomoko maji huweza kuonekana kama kitambaa laini kilichotandikwa, yametulia, yanavutia kuingiza miguu. Kasi yake huioni mpaka ikushike. Hapo juu kaa nyuma, mahali pakavu, na mtoto umshike mkono.

6. Ukifika, soma mahali kabla ya kukaa

Simama dakika chache na uutazame ukuta. Maporomoko mengi hutokea pale ambapo mwamba mgumu umelalia mwamba laini. Maji hula ule laini wa chini, ule mgumu wa juu hubaki ukining'inia, kisha siku moja humeguka. Maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, yamerudi nyuma kilomita 11 hivi kwa namna hiyo katika muda wa miaka kama 12,000. Yale mawe makubwa yaliyotapakaa chini, yanayopendeza kukalia, yaliwahi kuwa juu.

Kwa hiyo usikae chini kabisa ya ukuta, wala nyuma ya pazia la maji, hata kama kuna njia ya kupita. Jiwe dogo likidondoka kutoka mita 20 hukufikia baada ya sekunde mbili, likiwa na mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na kwa ngurumo iliyopo hutalisikia. Gogo lililobebwa na mto hufanya vivyo hivyo.

Kisha weka alama. Chagua jiwe lililo kwenye ukingo wa maji, kumbuka maji yameligusa wapi, au chomeka kijiti. Litazame kila baada ya dakika kumi. Mto unaojaa hutoa ishara: maji meupe yanageuka kahawia, majani makavu na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, ngurumo inakuwa nzito zaidi, jiwe lako linazama. Kuna ishara moja inayopotosha wengi, nayo ni maji kupungua ghafla bila sababu. Huenda magogo au udongo ulioporomoka umeziba mto juu, na kizibo hicho kitaachia.

Ukiona mojawapo, acha vitu. Panda upande wa bonde, juu, mbali na mto. Usikimbie kufuata mto kwenda chini; hutayashinda maji. Na kama mmetenganishwa na kijiji na kivuko kilichojaa, kaeni upande mliopo, mahali pa juu, mpaka maji yashuke. Vijito vidogo hujaa haraka na hupungua haraka pia, mara nyingi ndani ya saa chache. Kulala njaa ng'ambo ni jambo la kuvumilika.

Radi nayo ina hesabu yake. Kati ya mwako na ngurumo zikiwa chini ya sekunde 30, toka majini na uondoke kwenye mwamba ulio wazi. Usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

7. Kuoga, au kutooga

Maji ya milimani yanaweza kuwa na baridi inayokata pumzi, na hilo ni la kuchukuliwa jinsi lilivyo. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mwili ukizama ghafla huvuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, umemeza maji kabla hujaanza kuogelea. Ingia taratibu, jirushie maji usoni na kifuani, subiri pumzi itulie, dakika moja hadi tatu. Usikae muda mrefu: maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa.

Pale maji yanapoangukia, papo peupe kwa povu, si mahali pa kuogelea. Povu ni hewa, na maji yaliyochanganyika na hewa hayakubebi vizuri. Hata muogeleaji hodari huzama zaidi humo. Tena maji yanayoanguka huchimba shimo, hugeuka chini, na mkondo wa juu hurudi kuelekea ukutani. Oga ukingoni mwa dimbwi, upande ambao maji yanaondokea dimbwini, pale unapoona miguu yako.

Kuruka kutoka juu, sikushauri. Wenyeji wanaoruka wanalijua dimbwi, lakini hata wao gogo lililoletwa na mafuriko ya juzi hawalijui.

Mtu akichukuliwa na mkondo, usimfuate. Mrushie kamba, mpe tawi, piga filimbi. Ukichukuliwa wewe, lala chali, miguu mbele ikielekea chini ya mto na vidole juu ya maji, mpaka mkondo upungue, kisha ogelea kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama maji yakiwa yanapita magotini kwa kasi, mguu utanasa kati ya mawe.

Katika maeneo yenye kichocho, konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, hivyo pembe tulivu za dimbwi na mifereji ya pembeni ni za kuepuka kuliko mkondo wenyewe. Ukiwa na kidonda kibichi, usiingie kabisa.

8. Picha na upinde wa mvua

Upinde huonekana jua likiwa nyuma yako na manyunyu mbele. Katikati yake ni kivuli cha kichwa chako, na mstari wenyewe uko nyuzi 42 kutoka hapo. Ndiyo sababu jua likipanda juu ya nyuzi 42 upinde hutoweka kwa aliyesimama chini, lakini aliye kwenye kilima akitazama manyunyu chini yake bado anaweza kuuona hata mchana. Muulize mpeleka njia jua huingia bondeni saa ngapi; baadhi ya makorongo hupata mwanga saa mbili tu kwa siku.

Kwa picha ya maji yenyewe, siku ya mawingu ni bora kuliko jua kali linaloyafanya maji yawe doa jeupe. Ukitaka yaonekane kama hariri, acha kamera ipokee mwanga kati ya robo sekunde na sekunde mbili, ikiwa imesimama kwenye stendi au jiwe. Ukitaka kila tone, nenda sehemu moja ya 500 ya sekunde au haraka zaidi. Futa lenzi kila mara. Na mweke mtu kwenye picha, mahali salama, kwani bila mtu anayetazama hatajua kama maporomoko yana mita tano au hamsini.

Usirudi nyuma huku ukitazama kioo cha simu. Simama kwanza, piga, weka simu mfukoni, ndipo usogee.

9. Kurudi, na wiki zinazofuata

Saa ya kugeuka ikifika, geukeni. Okoteni taka zenu na za waliotangulia. Kijijini, mjulisheni aliyewaruhusu kwamba mmerudi wote, na kama mmeona daraja limelegea au mti umeangukia njia, semeni. Kagua miguu na kiuno kama kuna ruba au kupe, na ubadilishe nguo za maji upesi.

Ukipata homa kali na maumivu ya misuli ndani ya mwezi mmoja, nenda hospitali na umwambie daktari, hata kama hajauliza, kwamba uliingia mtoni. Homa ya mgunda, inayoletwa na mkojo wa wanyama kwenye maji, hufanana na malaria, na dawa yake ni nyingine. Na kama uliogelea kwenye eneo lenye kichocho, omba kupimwa wiki sita hadi nane baadaye hata kama hujisikii chochote. Kipimo kikifanywa mapema mno hakioni kitu. Ukikutwa nacho, hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli.